Kwa Nini Niliupanda Mlima wa Marangu Mara Mbili

Tangu nirudi Morogoro mmeniuliza, mmoja mmoja na kwa pamoja, safari ilikuwaje, na kila aliyeuliza nimemjibu "nzuri" kisha nikaanza kuzungumzia tairi. Mnanijua. Nikianza kuzungumzia tairi ujue kuna jambo nalikwepa. Sasa nimetulia, nasema nimetulia kiasi, kwa hiyo naandika yote mara moja, msome nyote mnaoendesha nami baiskeli Jumamosi, halafu tusiulizane tena.

Kutoka kwangu mpaka Mwanga mnakujua kwa picha nilizowatumia. Jua la Korogwe, chumba cha Mombo chenye popo darini, upepo wa Same uliotaka kunirudisha nilikotoka. Hayo yalikuwa mateso ya kawaida, na mateso ya kawaida mimi siyalalamikii. Nitakayoeleza ni ya siku ya mwisho, Jumamosi, kutoka Moshi mjini kupanda mpaka kwetu, juu ya Marangu. Ndiyo siku niliyokuwa nimeitamani kuliko zote.

Kwa asiyejua, mama yangu alianguka akavunjika nyonga, akapasuliwa, na sasa ameanza kutembea tena kwa fremu. Jumapili ile ilikuwa ibada yake ya shukrani. Anaishi na mdogo wangu wa mwisho, Eliamini, tunayemwita Eli. Eli ndiye aliyerithi kihamba, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa, kama ilivyo desturi yetu kwa kitinda mimba. Mimi ni dada mkubwa, na mara ya mwisho kufika pale nilifika ndani ya gari la mume. Siku hizi mume hayupo na gari liliondoka naye. Nilidhani watu wameshasahau. Eli hakuwa amesahau hata kidogo.

Soweto hadi Himo

Ijumaa niliipita kona ya Himo makusudi, nikalale Moshi, mtaa wa Soweto, kwa Mama Glory, niliyesoma naye sekondari. Asubuhi alinipikia chapati na mayai, akanimiminia chai ya maziwa mpaka nikaziba kikombe kwa kiganja. Mlima ulikuwa wazi, mweupe kileleni.

"Aika, si upande basi hapa mpaka Himo?" akasema. "Baiskeli inafungwa juu. Pale Himo unashuka, unaendesha. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Haya. Ulikuwa hivihivi tangu shule."

Nikaondoka nikiwa na furaha. Nataka mjue hilo, kwamba siku ile ilianza kwa furaha. Nilipita Kiboriloni watu wakishusha mitumba, nikashika barabara ya Himo huku malori ya Holili yakinisukumia pembeni kwa honi. Barabara ile si tambarare kama unavyoiona ukiwa ndani ya gari. Inashuka kwenye kila daraja, halafu inakudai ulichoshuka.

Kabla ya Uchira nikapata pancha, mwiba mrefu wa mgunga. Nikaipindua baiskeli na kuanza kazi. Akatokea mwanaume mmoja aliyekuwa akipita na jembe, akasimama kando yangu akinitazama.

"Dada, mzee yuko wapi?"

"Mzee gani?"

"Mwenye baiskeli."

"Mwenye baiskeli ni mimi."

Akacheka kwa adabu, kama mtu aliyeambiwa utani usiomchekesha, akabaki pale akinifundisha. Vuta huku. Sugua zaidi. Gundi haijakauka. Nikamuuliza kama ana baiskeli. Akasema hapana, hajawahi kuwa nayo, lakini ameona zikizibwa. Nilipomaliza na kujaza upepo, alitazama barabarani, juu na chini, bado akimngoja yule mzee. Nilimwacha hapo akimngoja.

Himo

Eli nilimwona kabla hajaniona. Pikapu yake ya bluu ilikuwa imeegeshwa kando ya magunia ya mahindi, na yeye amesimama mbele yake, suruali ya kupigwa pasi, viatu vinang'aa. Nilidhani amekuja kunilaki. Moyo ulinijaa, nikakanyaga pedeli kwa nguvu ili anione nikifika vizuri.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mama hajambo?"

"Hajambo, anakungoja. Leta hiyo baiskeli tuipakie."

"Tuipakie wapi? Mimi napanda nayo."

Akashusha sauti. "Dada, nakuomba. Picha yako iko kwenye grupu la ukoo tangu juzi. Umepigwa huko Mwanga, umekaa kwenye kalavati unakula muhogo wa kuchoma."

"Ulikuwa mtamu."

"Watu wanauliza kama dada yetu amefikia hapo."

Nyinyi wa Morogoro huenda msielewe. Kwetu, anayerudi nyumbani anarudi na gari. Asiye nalo anaazima, au anapanda la ndugu, au anakuja kwa basi zuri na kushuka na mizigo inayoonekana. Baiskeli mlimani ni ya kushushia ndizi sokoni, na kupandisha unaisukuma kwa mikono. Mtoto wa mtu akionekana anakuja kwao kwa baiskeli kutoka mikoa ya mbali, tena mwanamke, tena aliyeachika, maana yake mambo yamemwishia.

Nilimweleza. Nilimwambia mashine zangu za kushonea zinafanya kazi, shule bado zinaleta sare, nauli ninayo. Nimekuja hivi kwa sababu nimetaka kuja hivi.

"Umetaka wewe," akasema. "Nitakayeulizwa ni mimi."

"Basi wajibu."

"Nijibu nini?"

"Kwamba dada yako ana miguu."

Nikapanda baiskeli yangu nikakata kona ya Marangu. Nyuma yangu nikasikia mlango wa pikapu ukibamizwa.

Gari nyuma yangu

Pale barabara inapoanza kuinuka haikuambii kitu. Unafikiri tairi limepungua upepo, unatazama chini, limejaa. Ndipo unajua mlima umeanza. Nikashusha gia moja, nikashusha nyingine, nikatafuta mwendo wa kupumua. Ningependa kuwaambia nilifurahia. Nisingeweza, kwa sababu Eli alikuwa nyuma yangu, hatua chache tu, akitambaa na gari kwa gia ya kwanza, taa za dharura zinawaka na kuzima, moshi wa dizeli ukinipita masikioni.

Nilimpungia mkono apite. Hakupita. Nilisimama, naye akasimama.

"Pita, Eli."

"Siwezi kukuacha ugongwe."

"Moshi wako ndio utakaoniua."

"Basi panda gari."

Tukaendelea hivyo. Nyuma ya pikapu alikuwa amebeba kreti za soda na mikungu ya ndizi za sherehe, akafunika kila kitu kwa turubai na kukaza kamba. Sikuwa nimelifikiria lile turubai mpaka nilipoona watu wanavyotutazama. Wanawake waliokuwa wakishuka na mizigo ya majani ya ng'ombe kichwani walisimama pembeni wakanyamaza. Mwanaume mmoja alivua kofia. Mama mmoja aliacha kibanda chake, akavuka barabara, akanishika bega huku nahema.

"Poleni, mwanangu. Tumesikitika."

Sikuwa na pumzi ya kumjibu. Nikatikisa kichwa, naye akafuta machozi kwa pembe ya kitenge. Mbele kidogo palikuwa na babu ameegemea fimbo langoni kwake. Nikasimama kunywa maji.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Pole sana. Ni nani aliyefariki?"

"Hakuna aliyefariki, babu. Huyo nyuma ni mdogo wangu."

Babu akalitazama turubai kwa muda mrefu. "Mdogo wako," akasema polepole. "Kijana kabisa. Pole sana mwanangu, Bwana ametoa."

Nilipaswa kumsahihisha. Mdogo wangu alikuwa ameketi nyuma ya usukani, mzima, akinipigia honi nisogee. Lakini kwa hasira niliyokuwa nayo nilisema tu, "Asante babu," nikaendelea kupanda.

Mtori

Katikati ya mlima, migomba inapoanza kukaribiana pande zote za barabara na hewa kupoa, pana kibanda cha mama ntilie ambaye mtori wake ulinukia mpaka barabarani. Ndizi zilizopondwa zikalainika na supu ya nyama, mfupa mkubwa katikati. Nilikuwa natetemeka mapaja. Nikaiegemeza baiskeli ukutani kwa nje, nikaingia, nikalipa kabisa ili nikimaliza niondoke, nikakaa.

Eli akaja akasimama mlangoni. Mama akamkaribisha, akakataa kukaa.

"Dada, natangulia," akasema. "Mama atakuwa na wasiwasi."

"Vizuri," nikasema. Niliona ameshindwa, na nikamhurumia hata. Nikamwambia amsalimie mama, amwambie nakuja. Akaitikia bila kunitazama usoni.

Nilikula taratibu. Nilisikia pikapu ikiwashwa, nikasikia inapanda, nikajisemea sasa nitapata hewa safi. Nikaufyonza mfupa mpaka ukabaki mweupe. Nilipotoka nje ukuta ulikuwa mtupu.

Nilizunguka kibanda. Nilizunguka tena, kama vile baiskeli ingeweza kujificha nyuma ya kuni. Mama ntilie akatoka na mwiko mkononi.

"Kaka yako ameipakia," akasema. "Amesema umechoka, umemwomba. Hukumwomba?"

Simu yangu ilikuwa kwenye mkoba wa baiskeli. Koti langu la mvua, maji yangu, kila kitu. Nilikuwa na helmeti kichwani na glavu mkononi, na mdomo una ladha ya mtori.

Nimeshakasirika maishani, jamani. Mnajua nilivyokasirika mwaka ule ndoa yangu ilipovunjika. Lakini hasira ile ilikuwa na huzuni ndani yake. Hii haikuwa na kitu kingine chochote. Nilianza kutembea kwa sababu ningebaki pale ningempiga mtu asiyehusika.

Kwa miguu

Bodaboda wa kwanza alinipita akarudi. "Panda dada, utanilipa ukifika."

"Asante, natembea."

"Pikipiki yako imeharibika?"

"Sina pikipiki."

Akaitazama helmeti. Akaondoka, na bila shaka aliwaambia wenzake wa kona iliyofuata, maana wale hawakunipungia hata mkono. Walinipisha kama unavyompisha mtu anayezungumza peke yake. Na kweli nilikuwa nazungumza peke yangu. Nilikuwa namwambia Eli kila kitu, kwa sauti, na yeye hayupo.

Kwa nini sikupanda pikipiki? Mama Glory ameniuliza kwa simu, na baadhi yenu mtaniuliza. Sijui kama nina jibu zuri. Niliona kwamba nikifika nimebebwa, kwa gari au kwa pikipiki, kitu alichokitaka Eli kitakuwa kimetimia. Kutembea ndiyo njia pekee iliyobaki ya kumkatalia.

Marangu Mtoni ilikuwa imejaa. Siku ya soko, ndizi mpaka barabarani, magari ya watalii yakishindana na mikokoteni. Kijana mmoja wa kuongoza wageni mlimani aliona mavazi yangu, akanijia mbio.

"Sista, mgeni wako yuko wapi? Amekuacha? Tumpigie mwongozaji wake simu?"

"Sina mgeni."

"Hao Wazungu wa baiskeli, wewe si wao?"

"Mimi ni wa hapa. Kwetu ni pale juu kanisani."

Akaniomba radhi, akaniita mama, akarudi kwa wenzake. Nikapanda njia ya kwetu, ile ya vumbi inayofuata mfereji, maji yakishuka upande na mimi nikipanda upande. Viatu vya baiskeli havikutengenezwa kwa kutembea. Kisigino cha kulia kilikuwa kimechubuka kabla sijaona paa la nyumbani.

Nyumbani

Uani walikuwa shangazi zangu na majirani, wameketi kuzunguka beseni, wanamenya ndizi za kesho. Wakainuka wote, wakanikumbatia kwa mikono yenye utomvu.

"Karibu Aikande. Pole na basi."

"Basi gani, shangazi?"

"Si Eli ametuambia. Basi limekushusha Mtoni, ukasema unyooshe miguu kidogo." Akaitazama helmeti, nayo hakuitafutia maelezo. "Umependeza."

Pikapu ilikuwa imeegeshwa karibu na zizi, nikaenda huko. Ng'ombe wa mama alikuwa ametoa kichwa nje ya uzio, anavuta majani ya migomba kutoka kwenye lundo lililorundikwa vizuri mno ukutani. Alipovuta jani jingine, likatokea tairi la mbele. Baiskeli niliyoiendesha kutoka Morogoro, nimeivusha mito na mikoa, ilikuwa imefukiwa kwenye chakula cha ng'ombe.

Eli akaja nyuma yangu. "Dada, umefika. Mambo yameisha. Njoo ule."

"Umewaambia nimekuja kwa basi."

"Nimekulinda."

"Na nani?"

"Kesho kanisa zima litakuwa hapa. Ulitaka waione?"

Nilianza kuondoa majani, moja moja, nikiyatupa miguuni kwake, kwenye viatu vile vilivyong'aa. Nikafuta kiti. Nikakagua cheni. Nikaikokota mpaka mlangoni, mbele ya mabeseni na shangazi wote, kisu kikasimama kwenye kila ndizi.

Mama alikuwa ameketi sebuleni karibu na dirisha, fremu mbele yake. Nikapiga magoti nikamwamkia, akanishika uso kwa viganja viwili.

"Umekonda. Wakupe machalari, ndizi zimeshaiva, nimewaambia wakuwekee nyama."

"Nitakula nikirudi, mama. Naenda mara moja."

"Unaenda wapi?"

"Pale Eli aliponichukulia baiskeli. Napanda tena kuanzia hapo."

Hakupandisha sauti. Laiti angepandisha. "Nimekaa dirishani tangu asubuhi nakungoja," akasema. "Sasa umefika na unaondoka."

Ningeweza kubaki. Nimelifikiria hilo mara nyingi tangu siku ile, na bado sijui yupi alikuwa sahihi. Nilimwambia, "Mama, nikibaki nitakuwa nimekuja kwa basi."

Alinitazama, akauachia uso wangu, akaweka mikono yake juu ya fremu.

"Basi nenda. Usirudi na uso huo."

Kushuka, na kupanda mara ya pili

Niliposhuka nilishuka vibaya, kwa hasira, breki zikinuka. Barabara niliyoipanda kwa miguu kwa muda mrefu ilipita chini yangu kama haikuwa kitu, na hilo nalo likaniudhi. Mama ntilie alikuwa anaosha sufuria.

"Umesahau nini?"

"Nimesahau kipande cha barabara."

Nikagusa ukuta wa kibanda chake kwa mkono, nikageuza baiskeli, nikaanza.

Sitawadanganya kwamba hasira ni nguvu. Kwenye kona ya kwanza ilikuwa nguvu. Kwenye ya pili nilikuwa nimeishiwa. Miguu iliyokuwa imependa kupanda asubuhi sasa ilikuwa haitaki hata kusikia, kisigino kinawaka, na ukungu ulikuwa umeshuka kwenye migomba na kuanza kunyesha manyunyu. Nilikuwa natazama tairi la mbele tu. Nikifika kwenye jani lile. Nikifika kwenye kile kibao cha duka. Wale bodaboda wa kona waliponiona safari hii nina baiskeli, mmoja alianza kusema neno, mwenzake akamzuia.

Juu ya Mtoni, njia ya vumbi inapoanza, Eli alikuwa amesimama kwenye manyunyu. Hakuja na gari. Viatu vyake vilikuwa na matope. Sikusimama, na hakukuwa na haja, maana mwendo wangu ulikuwa sawa na wa mtu anayetembea. Akaanza kutembea kando yangu.

Tukagombana kutoka hapo mpaka nyumbani. Tuligombana kwa Kichagga, lugha ambayo ndani yake sitafuti maneno. Mimi nilikuwa nasema nikihema, neno moja kila nikikanyaga.

"Uliniibia."

"Nilikusaidia."

"Hukuniuliza."

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ndiyo maana ya kuuliza."

Akaanza tena, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ulipoachana na shemeji wewe ulikuwa Morogoro. Unajua nani aliulizwa? Kila Jumapili mtu ananishika mkono pale mlangoni pa kanisa, hauachii, ananiuliza dada yako anaendeleaje. Hawaulizi kwa kukujali. Wanataka kitu cha kwenda nacho nyumbani. Mimi nasimama natabasamu. Mama yuko pembeni anasikia. Wewe huishi hapa, dada. Unapita."

"Kwa hiyo ukanifukia kwenye majani ya ng'ombe."

"Nilifukia baiskeli."

"Ulinifukia mimi, Eli."

Tulikuwa tumefika kwenye mwinuko wa mwisho, ule wenye mawe, ambapo hata pikapu hulalamika. Gurudumu la mbele likayumba. Nilihisi baiskeli ikisogea kwa wepesi ambao haukuwa wangu, nikajua ameweka mkono kwenye keria nyuma, ananisukuma.

"Toa mkono."

"Utaanguka."

"Toa mkono, nitaanguka mwenyewe."

Akautoa. Sikuanguka. Nilichukua muda mwingi kupita yale mawe kuliko kitu chochote nilichofanya safari nzima, na yeye alisubiri kila hatua, mikono nyuma. Tuliingia uani pamoja, tumelowa. Mama alikuwa amesimama mlangoni ameshika fremu yake. Akatutazama, mmoja na mwingine, akawaambia shangazi wapashe chakula. Tulikula machalari meza moja bila kusemeshana. Nilikula sahani mbili.

Jumapili

Ibada ya shukrani ilikuwa nzuri. Mama alitembea mwenyewe mpaka mbele, na kwaya ikaimba mpaka akaketi. Kabla ya matangazo wageni hutambulishwa, na kwa kuwa siku ilikuwa yetu, Eli alisimama kwa niaba ya familia. Alitambulisha kaka yetu wa Arusha na mkewe. Alitambulisha shangazi. Kisha akakohoa.

"Huyu ni dada yangu mkubwa, Aikande. Jana niliwaambia baadhi yenu kwamba amekuja kwa basi. Sikusema kweli. Amekuja kwa baiskeli kutoka Morogoro."

Mtu akacheka nyuma, akaacha.

"Na mlima wetu ameupanda mara mbili. Mara ya pili ni kwa sababu yangu."

Akaketi, shingo imekaza, macho mbele. Mimi nilisimama kama inavyotakiwa, nikapunga mkono, nikaketi. Msifikiri nililia au tulikumbatiana. Nilikuwa bado nimemkasirikia, na ninapoandika haya bado nimemkasirikia. Lakini nilijua kusema vile kulivyomgharimu, pale, mbele ya wale.

Baada ya ibada tulipangwa mlangoni, familia nzima, kupokea mikono. Eli alikuwa kushoto kwangu. Mama mmoja tunayesali naye tangu utoto alinishika mkono kwa mikono yake miwili, hakuuachia, akainamisha kichwa upande.

"Aikande, mwanangu. Mpaka baiskeli. Pole sana. Na yule bwana, kweli hakukuachia kitu?"

Nikatabasamu. Nilisikia jinsi tabasamu lile lilivyonikaa usoni, gumu, na nikashindwa kuutoa mkono wangu. Yule mama alingoja jibu, akalikosa, akapita kwenda kwa mama yangu. Nikageuka. Eli alikuwa ananitazama, kwa mara ya kwanza tangu tuingie kanisani.

"Umeona?" akasema kwa Kichagga.

"Nimeona."

Tukageukia mstari, maana ulikuwa bado mrefu, na anayefuata alikuwa ameshanyoosha mkono.